Nasoma Kiitaliano kwenye simu kila usiku, lakini mgeni akinisemesha nabaki bubu

*Khalti, assalaam aleikum. Shikamoo.*

*Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi hapa Malindi. Nafanya kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja upande wa Casuarina. Meneja alituita akatuambia kuwa mapokezi patakuwa na nafasi msimu ukifunguka, na angependa kumpa mtu wa ndani kuliko kutafuta wa nje. Sharti lake ni moja tu: mtu huyo aweze kusikilizana na Waitaliano, maana ndio wengi wa wageni wetu. Mshahara wa mapokezi si sawa na wa kutandika vitanda, Khalti, na mgongo wangu nao umeshaanza kulalamika.*

*Basi nikapakua programu ya kujifunza lugha. Kila usiku mtoto akilala naifungua. Sijaruka hata siku moja, na programu yenyewe inanihesabia siku zangu na kunipongeza. Kwenye orodha ya wanaoshindana niko juu. Inanifundisha kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili sikukiona kwenye uchaguzi. Najua kusema mvulana anakula tufaha, paka anakunywa maziwa, dada yangu ana mwavuli. Nikibonyeza napata.*

*Juzi mama mmoja wa Kiitaliano alinikuta koridoni akaniambia maneno mengi kwa haraka, huku ananionyesha chumba chake. Nilichoshika ni neno acqua peke yake. Nikakimbia kumletea chupa ya maji ya kunywa. Kumbe analalamika kuwa bafuni maji ya moto hayatoki! Aliyemsaidia ni mwenzangu wa zamu, ambaye hajawahi kufungua programu yoyote. Yeye amejifunza kwa kusikia tu. Niliingia stoo ya mashuka nikalia.*

*La pili ni nyumbani. Mume wangu ni dereva wa tuktuk, ni mtu mwema, sina la kumshtaki. Lakini mwanzoni nilipokuwa nikiyasema maneno kwa sauti aliniuliza, "Unaongea na nani usiku huu?" Nikamwonyesha simu. Akanyamaza, ila uso haukukunjuka. Mji wetu unaujua, Khalti. Mwanamke akianza kusema Kiitaliano, watu washamwoza mzee wa Kizungu kwa midomo yao. Na mama mkwe naye ana masikio. Kwa hivyo siku hizi navaa visikizi, nazima taa, nabonyeza kimyakimya.*

*La tatu ni pesa. Programu hainiachi, kila mara inanitaka nilipie mwaka mzima ndipo matangazo yaondoke na nifunguliwe mazoezi ya kuzungumza. Kuna jirani, mzee wa makamo, amefanya kazi kwa Waitaliano miaka mingi, anasema atanifunza kwa malipo ya saa. Mume wangu hataki mwanamume aje nyumbani kwa jambo hilo. Pesa za yote mawili sina.*

*Niendelee na simu? Nilipie? Au nikubali tu kwamba kichwa changu hakikuumbiwa lugha za watu?*

*Bubu wa Casuarina*

---

Wa aleikum salaam, mwanangu. Marahaba.

Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lililoniuma. Kichwa chako ni kizima. Mtu anayetoka kazini kachoka, akalaza mtoto, kisha akakaa kusoma kila usiku bila kuruka, si mtu wa kuambiwa hana kichwa. Wala usikubali kuambiwa hivyo na nafsi yako ukiwa peke yako stoo ya mashuka.

Barua yako umeipanga kama shida tatu. Mimi naona mbili za kwanza ni shida moja. Umejifunza Kiitaliano gizani, visikizi masikioni, mdomo umefungwa. Kidole chako kimekuwa hodari, na macho yako pia. Ulimi haujapata zamu. Ukiona neno kwenye kioo kati ya maneno manne unalitambua mara moja, lakini kulitambua neno ni kazi moja na kulitoa kinywani mgeni akikusubiri ni kazi nyingine kabisa. Hiyo ya pili hujaifanya, na hujaifanya kwa sababu ya nyumbani. Kwa hivyo tuanze nyumbani, maana usipopata mahali pa kusema kwa sauti, hata ukilipia programu kumi utarudi koridoni pale pale na chupa yako ya maji.

Mumeo hakukukataza. Umesema mwenyewe kwamba alinyamaza. Mwanamume akisikia mkewe anazungumza lugha asiyoielewa usiku, na mji wenyewe ni huu wetu wenye mengi ya kusemwa, akauliza swali moja kisha akanyamaza, huyo anaogopa, hajakasirika. Na wewe ulivyozima taa na kuvaa visikizi umemwongezea hofu bila kukusudia. Jiweke mahali pake. Zamani alisikia maneno. Sasa haoni ila uso wa mkewe umemulikwa na simu gizani, na kimya.

Mweleze mambo mawili. La kwanza ni la kazi: nafasi ni ya mapokezi, meneja ameisema mbele ya wafanyakazi wote, na mshahara unaingia nyumba hii hii. Lugha yenyewe haikuanza Malindi kwa mambo ya mapenzi. Waitaliano waliweka kituo chao cha kurushia setilaiti Ngomeni, karibu na Malindi, miaka ya 1960, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco pale baharini ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Tangu zama hizo watu wa huku wamekuwa wakisikilizana na Waitaliano kwa sababu ya mkate wao: wapishi, mafundi, mabaharia, madereva. Wewe unaingia katika safu hiyo, na hakuna aibu ndani yake.

La pili usimweleze, mwombe. Dereva wa tuktuk wa Malindi hakosi kuzijua hesabu za Kiitaliano. Anapatana nauli nazo kila siku. Mwombe akufundishe hesabu kuanzia moja hadi elfu, akutajie bei uitaje kwa Kiitaliano, wewe naye mbadilishane, mara yeye dereva mara wewe abiria. *Quanto costa fino a Casuarina? Trecento scellini.* Hadi Casuarina ni bei gani? Shilingi mia tatu. Sebuleni, taa inawaka, mama mkwe anasikia. Utashangaa jinsi hofu ya mtu inavyopungua akishapewa ualimu. Na hesabu hizo si za mzaha, utazihitaji mapokezi kila saa, kwenye namba za vyumba, bili na saa za chakula.

Sasa tuje kwenye simu.

Usiifute programu. Kuna watu watakaokwambia ni mchezo wa watoto, na mimi sikubaliani nao. Imekupa msamiati, imekuzoeza sauti za Kiitaliano, na imekufundisha vitenzi vinavyobadilika kwa mtu na wakati. Hilo la vitenzi wengi waliojifunza ufukweni hawalijui, wao husema kitenzi kikiwa kizima bila kukinyambua, wakaeleweka, lakini mtu wa mapokezi anatarajiwa kusema vizuri zaidi ya hapo. Mwenzako aliyekuokoa siku ile ana masikio na ulimi. Wewe una umbo la lugha. Kila mmoja ana nusu, na nitakuja kwake.

Ila ujue programu inataka nini kwako. Ile hesabu ya siku zako, pongezi, orodha ya washindani, vyote vimewekwa ili urudi kesho. Kurudi ni kuzuri. Lakini mtu anaweza kuwa juu kwenye orodha kwa kurudia masomo mepesi aliyokwisha yajua, maana pointi ni pointi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo hufundisha mabalozi wake lugha, inakadiria kuwa mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji kama saa 600 za darasani kufikia Kiitaliano cha kazi ya ubalozi. Dakika kumi kila usiku ni kama saa 60 kwa mwaka mzima. Sikutajii hayo ili uvunjike moyo. Wewe hutaki ubalozi, unataka meza ya mapokezi, na mazungumzo ya meza hiyo yanajirudia siku nenda siku rudi. Nakutajia ili usidhani una kasoro eti kwa sababu hizo dakika za usiku hazijakufanya msemaji.

Fanya mabadiliko haya. Programu nyingi zina kitufe cha kubadilisha vile vigae vya maneno ya kuchagua kuwa kibodi, uandike mwenyewe. Kitafute, ukibonyeze. Utaanza kukosea sana na pointi zitashuka, na hapo ndipo utakapoanza kujifunza. Pili, sentensi ikisomwa usiangalie kioo. Geuza simu, sikiliza, irudie kwa sauti yako kamili, kisha ndipo uangalie. Tatu, programu ipe robo saa tu. Muda unaobaki uutumie kwa jambo nitakalokwambia sasa, ambalo kwangu ndilo kubwa.

Nunua daftari dogo la kutia mfukoni mwa aproni. Kila siku kazini andika maneno ambayo wageni wenu wanayasema kweli. Paka wa programu anayekunywa maziwa hatakuja mapokezi kamwe. Atakayekuja ni yule mama wa maji ya moto. Alichokuwa akikwambia huenda kilikuwa hivi, au karibu na hivi: *Nella doccia non esce l'acqua calda.* Na jibu lake ni fupi: *Mi dispiace, signora. Chiamo subito il tecnico.* Samahani mama, namwita fundi sasa hivi. Yaseme hayo mara nyingi hadi yatoke bila kufikiri, ukiwa unatandika, ukiwa unafua, ukiwa unakuna nazi. Halafu endelea: mashuka ni *lenzuola*, taulo ni *asciugamano*, chandarua ni *zanzariera*, ufunguo ni *chiave*. Wewe unavishika vitu hivi kwa mikono yako kila siku. Kila unapoingia chumba, kitu unachokigusa kitaje. Mtu wa darasani Nairobi hana nafasi hiyo.

Hayo ya daftari yahamishie kwenye simu usiku. Kuna programu iitwayo AnkiDroid, ya bure kwa simu za Android, na inafanya kazi bila bando. Ndani yake unatengeneza kadi zako mwenyewe: mbele unaandika swali, nyuma jibu. Kadi uliyoikosea inarudi upesi, uliyoipata inakaa siku kadhaa ndiyo irudi, kisha wiki, kisha zaidi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kusahau, akaonyesha kuwa tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashinda kurudia mfululizo kwa mkupuo mmoja. Kadi zinafuata kanuni hiyo. Nakuomba jambo moja: mbele andika Kiswahili, si Kiingereza. Sasa hivi mgeni akikusemesha unakimbia kwanza kwenye Kiingereza ndipo ufike kwenye Kiswahili, na kurudi ni safari hiyo hiyo. Mgeni hangoji. Ikate hiyo njia ya kuzunguka.

Tena Kiswahili chako kina faida ambayo programu ya Kiingereza haikuelezi. Wanaokuja kutoka Kiingereza huhangaika kwamba jina linalazimisha kivumishi kibadilike. Wewe umekuwa ukisema kiti kizuri, mlango mzuri, nguo nzuri tangu ulipokuwa na meno mawili. Waitaliano wana ngeli mbili tu, ya kiume na ya kike, pamoja na wingi wake. Matamshi nayo yako karibu nasi, maneno yao mengi yanaishia kwa vokali kama yetu. Mtego ni mmoja kwenye maandishi: *ch* yao inasomwa k, na *c* ikifuatwa na *e* au *i* ndiyo ch. *Chiave* ni kiave, *cena* ni chena. Na herufi zikiwa mbili zikaze, kwa sababu *nono* ni wa tisa na *nonno* ni babu.

Nikuonye na jambo ambalo linawaangusha hata wanaosema vizuri: saa. Mgeni anauliza chakula cha asubuhi kinaanza lini. Kichwani mwako ni saa moja hadi saa nne. Ukifasiri hivyo hivyo atakuja saa saba za usiku, maskini, akute jiko limefungwa. Kwao ni *dalle sette alle dieci*, kutoka saba hadi kumi. Chakula cha jioni cha saa moja u nusu watakiita *le diciannove e trenta*, kumi na tisa na dakika thelathini, maana wanahesabu hadi ishirini na nne. Chukua ratiba ya hoteli yenu, chakula, bwawa, gari la uwanja wa ndege, muda wa kuondoka vyumbani, utengeneze kadi kwa kila saa iliyomo. Usihesabu vidole mbele ya mgeni, ikae ulimini tayari.

Na maji ya bahari pia. Waitaliano wakifika wanataka kwenda Mayungu kwenye mafungu ya mchanga, wenyewe wamepaita Sardegna 2, na bila maji kupwa hakuna cha kuonekana. Watakuuliza *bassa marea* ni saa ngapi kesho. Mumeo anajua kupwa na kujaa, na kama hajui anajua wa kumuuliza, na mgeni aliyejibiwa vizuri mapokezi ndiye atakayetafuta tuktuk ya kumpeleka. Mwonyeshe hilo naye.

Kuna adabu moja ambayo programu nyingi huichelewesha. Mwanzoni zinakufundisha *ciao* na *tu*, kama unaongea na rafiki wa shule. Mgeni wa hoteli, hasa mtu mzima, mwambie *buongiorno, signora*, na tumia *Lei*, ile "wewe" yao ya heshima. Sisi tuliolelewa na shikamoo hatuhitaji kufundishwa kwa nini. Na sentensi ya kwanza kabisa ya kuishika, kabla ya zote nilizotaja, ni hii: *Mi scusi, può ripetere più piano, per favore?* Samahani, waweza kurudia polepole? Ungekuwa nayo siku ile koridoni, yule mama angerudia, angeonyesha bomba, mngeelewana. Kumwomba mtu arudie hakukushushii hadhi.

Sasa walimu, kisha pesa.

Mwalimu wako wa kwanza ni huyo mwenzako wa zamu, na hana bei. Najua uliumia alipokutangulia, lakini usimwonee kinyongo. Mwambie ukweli, kwamba wewe unajua kuandika na kunyambua vitenzi, na yeye anasikia na kujibu. Mnapotandika vitanda pamoja awe mgeni mwenye malalamiko, wewe uwe mapokezi, kisha mbadilishane. Jioni mtumiane sauti kwenye WhatsApp, sentensi moja moja. Sauti ina uzuri wake, unaweza kujisikiliza na kuona pale ulipotetereka.

Kuhusu mzee jirani, mumeo ana haki ya kutopenda mwanamume aingie ndani, nawe usilipiganie hilo. Lakini nyumba zetu zina baraza. Saa kumi jioni, siku ya mapumziko, barazani, watu wanapita, mumeo yupo ananywa kahawa yake, mzee anakaa anaongea. Hapo nani atasema nini? Mkikubaliana hivyo, usimlipe akufundishe sarufi, sarufi simu inayo. Mlipe awe mgeni msumbufu: aliyepoteza ufunguo, aliyepigiwa kelele na jirani, anayetaka bili yenye kosa irekebishwe. Nusu saa ya namna hiyo yatosha kwa wiki. Na kabla hujamlipa yeye, ulizia akina mama waliopika au kulea katika nyumba za Waitaliano. Wapo wengi Malindi, baadhi wamestaafu, wana Kiitaliano cha jikoni na cha ugomvi, kilicho hai kabisa, na hakuna mume atakayekunja uso.

Utasikia pia programu za kubadilishana lugha, kama Tandem na HelloTalk, ambazo zinakukutanisha na Mwitaliano anayetaka Kiswahili. Ni njia nzuri, na wewe una kitu cha kumpa. Ila tafuta mwanamke mwenzio, usimpe namba yako wala jina la hoteli wala picha ya mtoto, na akianza habari za pesa au mapenzi mfungie. Kama nyumbani bado hamjakaa sawa, liache hili kwa sasa.

Kulipia mwaka mzima, hapana. Si kwamba ni wizi. Ni kwamba hukijui bado kinachokupungukia, na pesa hiyo ikienda hairudi. Programu kadhaa sasa zina mazoezi ya kuzungumza na mashine, na kwa mtu mwenye haya mashine ni mvumilivu, hakuna anayekucheka. Ukitaka kuyajaribu, lipia mwezi mmoja tu, tena baada ya kujaribu haya mengine, na weka ukumbusho wa kusitisha kabla hawajakukata tena. Lakini mashine haizungumzi kama mama aliyetoka bafuni na povu kichwani. Kwa masikio tumia YouTube, kuna video nyingi za Waitaliano wakizungumza mambo ya kawaida, na unaweza kupunguza kasi hadi 0.75. Zipakue pale penye Wi-Fi ya wafanyakazi kama programu ya simu yako inaruhusu, bando lipumue.

Cheti usikikimbilie. Vipo, CILS cha chuo kikuu cha wageni cha Siena na CELI cha Perugia, na Nairobi kuna Istituto Italiano di Cultura inayofundisha. Vinafuata ngazi za Baraza la Ulaya, kuanzia A1 hadi C2. Kwa meza yenu nadhani A2 iliyo hai mdomoni itakufikisha mbali kuliko karatasi, na baadaye ukitaka kupanda zaidi, karatasi utaitafuta.

Jambo la mwisho, na hili usilicheleweshe. Mwendee meneja sasa hivi, kabla msimu haujafunguka, hoteli ikiwa na wageni wachache. Mwambie unajifunza, na umwombe ruhusa ya kusimama nyuma ya meza ya mapokezi nusu saa baada ya zamu yako, daftari mkononi, usikilize wageni wanapoingia na kuondoka. Hutamgharimu kitu. Wewe utayapata maneno ya kazi yenyewe kutoka kwa wanaoyasema, na yeye atazoea kukuona mahali pale. Akikuuliza umefika wapi, usimwonyeshe pointi za simu. Mjibu kwa Kiitaliano, hata kama ni sentensi moja, na ukikwama mwombe arudie polepole.

Khalti